Waunganishi, wajuzi na washawishi: Watu wanaoeneza mawazo katika jamii

KATIKA miji ya kale ya Waswahili, jambo la umma lilitangazwa kwa mbiu. Pembe ilipopulizwa, kila aliyeisikia alifahamu kwamba kuna habari nzito na akatoka nje kusikiliza.

Hata hivyo, mpiga mbiu hakuwa na uwezo wa kumfanya mtu aliyekuwa akimsikiliza aamini. Kazi hiyo ilifanyika baadaye, barazani, watu walipokaa alasiri wakinywa kahawa na kuuchambua ujumbe huo neno kwa neno. Je, ni nani aliyeutuma? Una manufaa gani? Fulani naye amesemaje?

Hali haijabadilika sana tangu hapo. Redio, magazeti, runinga na simu za mkononi zimechukua nafasi ya pembe, lakini baraza lingalipo. Lipo kwenye kibanda cha msusi, kwenye kituo cha bodaboda, kisimani, na katika mkutano wa chama cha akina mama siku ya kuchanga pesa.

Swali ambalo limewashughulisha wataalamu wa sayansi ya jamii kwa zaidi ya miaka 80 ni hili: miongoni mwa wote wanaozungumza barazani, ni nani hasa ambaye neno lake huchukuliwa na kupelekwa mbali?

Hilo si swali la kupitisha wakati. Chanjo, mbegu mpya, dawa na hata ulaghai wa kifedha hufaulu au hufifia kulingana na anayeubeba ujumbe na anayeupokea.

Uchaguzi wa 1940

Utafiti wa kwanza mkubwa kuhusu suala hili ulifanyika nchini Marekani mwaka wa 1940, wakati Rais Franklin Roosevelt alipokuwa akipambana na Wendell Willkie katika uchaguzi mkuu.

Paul Lazarsfeld, msomi mzaliwa wa Vienna aliyekuwa amehamia Marekani, pamoja na wenzake Bernard Berelson na Hazel Gaudet, walichagua wapigakura 600 katika kaunti ya Erie, jimbo la Ohio. Waliwahoji watu hao tena na tena kuanzia Mei hadi Novemba ili kuona ni lini na kwa nini mtu hubadilisha nia yake.

Watafiti hao walitarajia kuthibitisha kwamba redio na magazeti yana nguvu za ajabu. Enzi hizo wengi waliamini kuwa msikilizaji ni kama chombo kitupu kinachosubiri kujazwa.

Walichokipata kiliwashangaza. Ni watu wachache mno waliobadilisha msimamo kwa sababu ya kampeni za redioni au magazetini. Walipoulizwa ni nini kiliwagusa, wengi walitaja mazungumzo na watu wengine: mume, jirani, mfanyakazi mwenzao, mhudumu wa mkahawa.

Katika kitabu chao kilichochapishwa mwaka wa 1944, watafiti hao walieleza kwamba mawazo husafiri kwa hatua mbili. Kwanza hutoka katika vyombo vya habari na kuwafikia watu wachache wanaofuatilia mambo kwa makini. Kisha watu hao huyafikisha kwa wenzao kwa maneno yao wenyewe, wakiyatia chumvi au kuyapunguza makali.

Watu hao wachache ndio walioitwa vinara wa maoni.

Si lazima awe mheshimiwa

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu asikiapo neno kinara, humfikiria chifu, mbunge, kasisi au tajiri wa kijiji. Utafiti wa pili wa Lazarsfeld, ambao matokeo yake aliyaandika pamoja na mwanafunzi wake Elihu Katz, uliivunja dhana hiyo.

Mnamo 1945, wanawake wapatao 800 katika mji wa Decatur, jimbo la Illinois, waliulizwa ni nani aliyewashauri kuhusu mambo manne: ununuzi wa bidhaa za nyumbani, mitindo ya mavazi, filamu za kutazama, na masuala ya umma. Matokeo yalichapishwa miaka 10 baadaye, mwaka wa 1955, katika kitabu Personal Influence.

Ilibainika kwamba kila jambo lina kinara wake. Katika ununuzi wa vyakula na sabuni, aliyesikilizwa alikuwa mama mwenye familia kubwa, kwa kuwa amepika na kufua kwa miaka mingi. Katika mitindo na filamu, aliyefuatwa alikuwa msichana ambaye hajaolewa. Ni katika masuala ya siasa pekee ambapo elimu na cheo vilikuwa na uzito wa kutajika.

Isitoshe, aliyekuwa kinara wa jambo moja hakuwa kinara wa jingine. Na ushawishi huo haukuteremka kutoka juu kwenda chini kama maji ya mlimani. Ulienda ubavuni, kati ya watu wa hali moja.

Mkenya yeyote aliyeishi mtaani anaweza kuyathibitisha haya bila takwimu. Mtu anapotaka kununua simu, humwendea kijana wa duka la kutengeneza simu, wala si mwalimu mkuu. Anapotaka kujua shule ipi inawatunza watoto vyema, humuuliza mama aliyepeleka watatu. Na anapotaka kujua kama mgonjwa fulani ameruhusiwa kutoka hospitalini, humuuliza mwenye kibanda cha mboga, maana huyo huwaona wote wanaopita.

Aina tatu

Mtu aliyeyafanya mambo haya yazungumzwe duniani kote si profesa bali mwandishi wa habari. Malcolm Gladwell, mzaliwa wa Uingereza aliyelelewa Canada na ambaye huliandikia jarida la The New Yorker, alichapisha kitabu The Tipping Point mwaka wa 2000. Humo alidai kwamba wazo huenea kama maradhi, na kwamba waenezaji wake wakuu ni wachache wenye vipawa vya aina tatu.

Wa kwanza ni mwunganishi. Huyu anajua watu. Ana marafiki katika tabaka hili na lile, kanisani na sokoni, mjini na mashambani, na hachoki kusema, “Huyo namjua, ngoja nikukutanishe naye.” Nguvu yake haitokani na wingi wa marafiki tu, bali na kwamba marafiki hao hawajuani.

Wa pili ni mjuzi. Huyu anajua vitu. Anafahamu bei ya unga katika maduka matatu, dawa gani ya kupe inafanya kazi, na siku ambayo afisa wa ardhi huwa ofisini. Gladwell alimpa jina la asili ya Kiyidi, maven, yaani mwenye kujikusanyia maarifa. Wasomi Lawrence Feick na Linda Price walikuwa wamekwisha kumchunguza mtu wa namna hiyo katika masuala ya ununuzi mwaka wa 1987. Sifa yake kuu ni kwamba hupenda kusaidia: huyatoa maarifa yake bure, na hataki lolote isipokuwa kuonekana kwamba anajua.

Wa tatu ni mshawishi. Huyu ndiye anayemgeuza mwenye shaka. Uso wake, sauti yake na jinsi anavyoitikia kwa kichwa humfanya anayemsikiliza akubali kabla hajajua kwamba amekubali. Kila soko la mitumba lina mmoja wa aina hii.

Mfano mashuhuri wa Gladwell unatoka katika historia ya Marekani. Usiku wa Aprili 18, 1775, wapanda farasi wawili waliondoka Boston kwa njia tofauti kuwaonya wananchi kwamba majeshi ya Uingereza yanakuja. Mmoja alikuwa Paul Revere, mfua fedha. Mwingine alikuwa William Dawes, aliyekuwa mtengeneza ngozi.

Walibeba habari ile ile, usiku ule ule. Vijiji alivyopitia Revere viliamka na kushika silaha. Kwenye njia ya Dawes mwitikio ulikuwa hafifu. Kwa maoni ya Gladwell, Revere alikuwa mwanachama wa vikundi vingi na alijua ni mlango upi wa kubisha katika kila kijiji, ilhali Dawes alibisha popote.

Maelezo hayo yanavutia, japo lazima isemwe kwamba kisa kimoja cha usiku mmoja hakiwezi kuthibitisha nadharia nzima. Njia zenyewe zilikuwa tofauti, na Revere hakuwa mjumbe pekee usiku huo.

Barua kwa dalali wa Boston

Ushahidi mwingine ulioegemewa na Gladwell ni jaribio la mwanasaikolojia Stanley Milgram wa miaka ya 1960. Watu 296 wa majimbo ya Nebraska na Massachusetts walipewa jina la dalali wa hisa aliyefanya kazi Boston na kuombwa wamfikishie waraka. Sharti lilikuwa moja: wautume kwa mtu wanayemfahamu wao wenyewe, naye aupeleke kwa anayemfahamu yeye, hadi ufike.

Nyaraka 64 zilimfikia dalali huyo, na kwa wastani kila mmoja ulipita mikononi mwa watu takriban watano. Ajabu ni kwamba 16 kati yake zilikabidhiwa kwake na mtu mmoja tu, mfanyabiashara wa nguo wa mji alikoishi. Mwuza nguo huyo, ambaye pengine hakujua kwamba yeye ni mtu wa maana katika sayansi, alikuwa mlango wa mji mzima.

Mwaka wa 1973, Mark Granovetter aliongeza jambo jingine lililowashangaza wengi. Alipowahoji watu waliopata kazi kupitia kwa watu wanaowajua, aligundua kwamba ni asilimia 16.7 pekee waliosaidiwa na mtu wanayeonana naye mara nyingi. Wengi walisaidiwa na watu wanaoonana nao mara moja moja tu: mwanafunzi mwenzao wa zamani, mtu waliyewahi kufanya kazi naye.

Sababu ni rahisi kueleweka. Rafiki wa karibu anajua yale yale ambayo mtu tayari anayajua. Habari mpya huja na mtu wa mbali.

Mahindi ya Iowa na ya Kitale

Iwapo habari mpya huletwa na wa mbali, ni nani humfanya mtu aikubali? Jibu la swali hili lilitoka shambani.

Katika jimbo la Iowa, mbegu chotara za mahindi zilianza kuuzwa mwaka wa 1928. Wasomi Bryce Ryan na Neal Gross waliwahoji wakulima 259 wa vijiji viwili na kuchapisha matokeo mwaka wa 1943. Wakulima wengi walisikia habari za mbegu hizo kwa mara ya kwanza kutoka kwa wachuuzi wa mbegu. Lakini walipoulizwa ni nani aliyewafanya wazipande, walimtaja jirani. Kufikia 1941, ni wakulima wawili pekee ambao hawakuwa wamezikubali.

Mtoto mmoja wa Iowa aliyashuhudia hayo nyumbani kwao. Baba yake Everett Rogers alipenda mitambo mipya lakini alizipinga mbegu hizo kwa miaka minane. Ulipokuja ukame wa 1936, mahindi yake yalinyauka huku ya jirani yakisimama wima upande wa pili wa ua. Hapo ndipo mzee alipokubali. Rogers alikuwa profesa, na mwaka wa 1962 akaandika Diffusion of Innovations, kitabu kinachotajwa hadi leo katika kila mjadala kuhusu kuenea kwa mambo mapya.

Nchini Kenya, mbegu chotara ya H611, iliyozalishwa Kitale kwa kuchanganya mahindi ya nchini na ya Ecuador, ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 1964. Ilienea magharibi mwa nchi kwa kasi ambayo wataalamu waliilinganisha na ile ya Iowa. Kama kule Marekani, shamba la jirani lilikuwa tangazo ambalo haliwezi kusema uongo.

Gumzo la Nyanza

Ushahidi wenye uzito mkubwa zaidi kwa msomaji wa Kenya ulikusanywa Nyanza Kusini katika miaka ya 1990, na haukuhusu mahindi bali idadi ya watoto.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alikuwa akijifungua watoto wapatao wanane kwa wastani, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu zaidi duniani. Serikali ilikuwa na sera ya upangaji uzazi tangu 1967. Kliniki zilikuwepo, wauguzi walikuwepo, na matangazo yalisikika redioni. Lakini wanawake wengi waliyasikia na kwenda zao.

Watafiti Naomi Rutenberg na Susan Watkins walichunguza kilichokuwa kikiendelea baada ya mwanamke kutoka kliniki. Makala yao ya mwaka wa 1997 yalieleza kuhusu gumzo lililoendelea nje ya kuta za kliniki: njiani, shambani, sokoni.

Wanawake hao hawakuwa wajinga wala hawakumdharau muuguzi. Walijua kwamba muuguzi ana elimu. Walichokitaka ni kujua kama dawa itafaa mwili kama wao, wenye chakula kama chao na kazi kama zao, katika boma lenye mume na mama mkwe kama wao. Muuguzi hakuweza kulijibu hilo. Jirani aliyechomwa sindano mwaka uliotangulia aliweza.

Kwa hiyo walimtafuta mwanamke aliyekuwa sawa nao na aliyekwisha kujaribu. Walimwuliza kuhusu damu, kuhusu kuumwa na kichwa, kuhusu siri. Mwanamke huyo hakuwa mwunganishi, mjuzi wala mshawishi. Alikuwa amejaribu tu, na alikuwa tayari kusema.

Uchunguzi zaidi uliofanywa na Hans-Peter Kohler, Jere Behrman na Watkins, na kuchapishwa mwaka wa 2001, ulionyesha tofauti ya mahali na mahali. Katika eneo lenye shughuli nyingi za soko, mazungumzo yaliwasaidia wanawake kupata maarifa mapya. Katika maeneo ambako soko lilikuwa hafifu na kila mtu anamjua mwenzake, mazungumzo yaliwabana wafuate walivyofanya wengine.

Kiwango cha uzazi nchini kilishuka hadi watoto 4.7 kwa kila mwanamke katika uchunguzi wa kitaifa wa 1998, na hadi 3.4 katika ule wa 2022. Sababu ni nyingi, zikiwemo elimu ya wasichana na gharama ya maisha, lakini gumzo hilo lilikuwa sehemu yake.

Busia: Habari ilipoenea kinyume

Wapo wanaodhani kwamba kitu kizuri kikishaonjwa na wachache, kitajieneza chenyewe. Kisa cha Busia kinawasuta.

Kuanzia 1998, mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulitekelezwa katika shule 75 za msingi Busia, ukiwahusisha watoto zaidi ya 30,000. Shule ziligawanywa katika makundi matatu yaliyoingizwa kwenye mradi kwa zamu. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer, ambaye baadaye mwaka wa 2019 alituzwa Nobeli ya uchumi pamoja na wengine wawili, waliona kwamba dawa hizo zilipunguza minyoo na utoro shuleni.

Mpangilio huo wa zamu uliwapa nafasi ya kuuliza jambo jingine. Je, mzazi mwenye marafiki na jamaa katika shule zilizoanza mapema angekuwa mwepesi zaidi wa kukubali dawa zamu yake ilipofika?

Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2007 yalikuwa kinyume kabisa. Kadiri familia ilivyokuwa na watu wengi inaowafahamu katika shule za mwanzo, ndivyo uwezekano wa mtoto wao kumeza dawa ulivyopungua.

Maelezo ya watafiti hao yanastahili kuzingatiwa. Faida kubwa ya dawa ya minyoo huwaendea wengine, kwa sababu mtoto aliyetibiwa hawaambukizi wenzake. Yeye mwenyewe huenda asione mabadiliko makubwa, tena huenda tumbo likamsokota siku hiyo. Kwa hivyo barazani kulifika habari za tumbo, si za utoro uliopungua. Walipotakiwa kulipa ada ndogo, idadi ya waliomeza dawa ilishuka kwa takriban asilimia 80.

Waenezaji habari walifanya kazi yao vizuri. Lakini waliieneza ile waliyoiona.

Wapinzani wa nadharia

Si wasomi wote wanaoamini kwamba dunia huendeshwa na wachache wenye vipawa. Mpinzani mkuu ni Duncan Watts, msomi kutoka Australia anayefanya kazi Marekani.

Mwaka wa 2003, Watts pamoja na Peter Dodds na Roby Muhamad walilirudia jaribio la Milgram kwa kutumia barua pepe. Zaidi ya watu 60,000 walishiriki, wakiwatafuta walengwa 18 katika nchi 13. Safari hii hakukuwa na mwuza nguo. Minyororo michache iliyofika, 384 tu kati ya zaidi ya 24,000, ilipitia njia nyingi tofauti.

Miaka minne baadaye, Watts na Dodds walitumia kompyuta kuiga jinsi maoni yanavyosambaa. Waligundua kwamba, mara nyingi, wimbi kubwa halitokani na mtu mwenye ushawishi mkubwa bali na wingi wa watu walio tayari kushawishika. Moto wa nyika hauwi mkubwa kwa sababu njiti ya kiberiti ilikuwa ya ajabu. Huwa mkubwa kwa sababu nyasi zilikuwa kavu.

Naye Damon Centola, katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2010 na kuwashirikisha watu 1,528 kwenye mtandao, alionyesha kwamba tabia za kiafya hutofautiana na uvumi. Uvumi humtosha mtu kuusikia mara moja. Tabia huhitaji kuthibitishwa na marafiki wawili, watatu wanaojuana, na kwa hiyo huenea vyema zaidi katika kikundi kilichoshikana kuliko kupitia kwa mtu wa mbali.

Kwa maneno mengine, mwunganishi wa Gladwell anaweza kuleta habari ya kazi au ya msiba. Kumfanya mtu abadilishe anavyoishi kunahitaji chama.

Huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007 na kupata wateja zaidi ya milioni tano katika muda wa miaka miwili hivi, ilipata nguvu kwa namna nyingine kabisa. Kijana aliyefanya kazi Nairobi alipotuma pesa nyumbani kwa simu, mama yake kijijini hakuwa na budi kujifunza kuzipokea. Hapakuhitajika maneno matamu.

Silaha yenye makali pande zote

Vipawa hivyo vitatu havina dini. Anayeweza kuwashawishi jirani zake wawapeleke watoto kupata chanjo, anaweza pia kuwashawishi wakae nyumbani.

Katikati ya miaka ya 2000, mipango ya upatu wa kilaghai iliwapora Wakenya wengi akiba zao. Mipango hiyo haikuhitaji matangazo makubwa. Aliyetangulia kuweka pesa alilipwa haraka, kwa makusudi, ili arudi kanisani au kwenye chama chake akiwa na ushuhuda. Hakuwa mwongo, alikuwa amelipwa kweli. Uaminifu wake ndio uliokuwa chambo, na ndiyo maana wengi walioumia walikuwa wameingizwa na watu wanaowapenda. Kikulacho ki nguoni mwako.

Simu zimeongeza kasi ya mambo hayo. Ujumbe unaofika katika kikundi cha ukoo huja na jina la shangazi au mjomba aliyeutuma, hata kama aliyeuandika hajulikani. Msomaji humwamini shangazi, naye shangazi alimwamini aliyemtumia.

Kuwauliza wanakijiji

Kwa wanaotaka kufikisha jambo lenye manufaa, swali linabaki lile lile la barazani: ujumbe upewe nani? Desturi ya mashirika mengi na ya serikali ni kuanza na chifu, au na mkulima hodari ambaye shamba lake hupigwa picha. Majaribio ya miaka ya hivi karibuni yanatia shaka desturi hiyo.

Nchini Malawi, Ariel BenYishay na Mushfiq Mobarak waliendesha jaribio katika vijiji 120 kuhusu upandaji wa mahindi kwenye mashimo na utengenezaji wa mboji. Baadhi ya vijiji vilifundishwa na wakulima hodari, vingine na wakulima wa kawaida. Wakulima wa kawaida walipoahidiwa tuzo ndogo, waliwashinda wale hodari katika kuwavuta wenzao. Wanakijiji walimsadiki zaidi mtu mwenye shamba kama lao. Bila tuzo, hata hivyo, wakulima hao wa kawaida hawakujisumbua sana, jambo linaloeleweka kwa mtu mwenye shamba lake la kupalilia.

Nchini Kenya, serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mnamo Septemba 2023 ili watembelee kaya nyumba kwa nyumba. Hao ni watu wa kijiji kile kile wanachokihudumia. Kama kila mmoja wao ndiye ambaye jirani zake wangemwendea hata asingepewa mkoba na sare, hilo ni jambo ambalo wenyeji wake ndio wanaolijua.

Na kuwauliza wenyeji kunawezekana. Abhijit Banerjee, Esther Duflo, Arun Chandrasekhar na Matthew Jackson walifanya hivyo nchini India. Waliwataka wanakijiji wamtaje mtu ambaye, akipewa habari, angewafikishia wengi. Waliotajwa hawakuwa lazima wazee wala matajiri. Walikuwa wale ambao mitaani huitwa wapenda porojo.

Katika vijiji 521 vya jimbo la Haryana, habari za siku za chanjo zilipelekwa kwa watu waliotajwa hivyo katika baadhi ya vijiji, na kwa watu waliochaguliwa kwa kura ya bahati katika vingine. Mahali ambapo waliotajwa ndio walioambiwa, idadi ya watoto waliochanjwa kila mwezi ilikuwa juu kwa asilimia 22.